Imani na Mageuko: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Mdahalo Bila Kupotea kwenye Hoja

Mdahalo wa imani na mageuko mara nyingi huharibika kabla ya msemaji wa kwanza kusimama, kwa sababu ya mada iliyoandikwa ubaoni: "Mungu au mageuko: binadamu alitoka wapi?" Hapo mmeitisha kura ya dini. Mwanafunzi wa S.5 (kidato cha tano) aliyepangiwa upande wa mageuko anajua kwamba akitetea vizuri, wenzake wa chama cha maombi watamwangalia vibaya wiki nzima. Atatetea nusunusu, na upande wa pili utashinda bila jasho.

Mwongozo huu ni wa walimu walezi wa klabu za mdahalo, viongozi wa vijana parokiani na msikitini, na yeyote anayeangukiwa na kazi ya kusimamia mabishano haya. Hausemi nani ana haki kuhusu Mungu. Unashughulikia jambo dogo zaidi ambalo watu hulisahau: je, hoja ya msemaji inafika pale anapodai imefika?

Unahitaji ubao, chaki za rangi mbili, simu yenye saa, karatasi zilizokatwa robo, na dadu sita za ludo. Vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana vinatosha: dakika 10 za madai na mada, 15 za maandalizi, 20 za wasemaji wanne wa dakika tano tano, 20 za kuchambua hoja ubaoni, 10 za maswali na 5 za matokeo. Wengi hukata uchambuzi ili wasemaji wapate muda zaidi. Usikubali. Ukikata uchambuzi, kilichobaki ni kelele.

Hatua ya 1: Andika madai matano, kisha uandike mada

Upande wa kushoto wa ubao andika haya, na yasifutwe hadi mwisho:

1. Viumbe hubadilika kadiri vizazi vinavyopita.
2. Viumbe vilivyo hai, binadamu akiwemo, vina mababu wa pamoja.
3. Uteuzi asilia, yaani wenye sifa zinazofaa kuishi na kuzaa zaidi ya wengine, ndio njia kuu inayofanya viumbe viendane na mazingira yao.
4. Uhai wa kwanza ulitokana na kemikali zisizo na uhai.
5. Hakuna Mungu.

Kitabu cha Charles Darwin cha mwaka 1859 kilitetea madai matatu ya kwanza, ingawa suala la binadamu alilitetea waziwazi baadaye, mwaka 1871. La nne ni swali jingine, ambalo wanakemia wanaendelea kulitafiti. Hata jibu lake lingekosekana milele, la pili lingesimama au kuanguka kwa ushahidi wake lenyewe. La tano si dai la biolojia hata kidogo. Ni la falsafa na teolojia.

Sehemu kubwa ya hoja mbovu katika mabishano haya, za pande zote mbili, ni mruko kati ya namba hizi. Mmoja anathibitisha la 1 halafu anashangilia kana kwamba ameshinda la 5. Mwingine anaonyesha kwamba hakuna aliyewahi kutengeneza chembe hai maabara, yaani anagusa la 4, kisha anakaa chini akiamini ameangusha la 2. Ukiwafundisha wanafunzi kuuliza tu "hiyo ni namba ngapi?", nusu ya kazi imekwisha.

Sasa mada. Chagua namba moja tu na uiandike bila neno "au". "Ushahidi unaonyesha kwamba binadamu na sokwe wana babu wa pamoja" ni mada nzuri, namba 2 tupu. "Mtu anaweza kuamini Mungu muumba na akakubali mageuko" nayo ni nzuri, na ndiyo tunayopendekeza kwa klabu inayoanza, kwa sababu inawaweka waumini pande zote mbili. "Sayansi au Biblia?" itupe.

Usiruhusu pia "Wakristo wanasema" au "Waislamu wanasema". Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi kuliko dhehebu lolote Uganda, limekuwa na msimamo wake tangu waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1950: asili ya mwili wa binadamu inaweza kuchunguzwa, ila roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996 Yohane Paulo II aliongeza kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Waadventista Wasabato nao wanafundisha siku sita halisi za uumbaji. Wapo Waislamu wanaokubali mageuko ya wanyama na mimea na kumtenga Adam peke yake, na wapo wanaoyakataa yote. Msemaji ataje ni nani hasa anayemzungumzia.

Hatua ya 2: Vunja hoja vipande vitatu

Kila mwanafunzi apate karatasi ya robo. Juu aandike sababu iliyotolewa, chini kabisa aandike hitimisho, na katikati, kwa chaki au kalamu ya rangi nyingine, aandike kile ambacho msemaji hakukisema lakini lazima kiwe kweli ili sababu ifike kwenye hitimisho. Hicho cha katikati ndicho dhana iliyofichwa. Hoja nyingi huvunjikia hapo.

Chukua hoja ambayo utaisikia kila mara, iwe darasani au steji ya bodaboda: "Kama binadamu alitokana na sokwe, mbona sokwe wa Kibale bado ni sokwe?"

Sababu: sokwe bado wapo. Hitimisho: binadamu hakutokana na viumbe wa aina hiyo. Dhana iliyofichwa: kundi jipya likizaliwa kutoka kundi la zamani, la zamani lazima litoweke au lote ligeuke.

Ijaribu dhana hiyo kwa kuiweka katika jambo ambalo kila mtu analijua. Kanisa la Uganda lilizaliwa kutokana na wamisionari wa Kanisa la Uingereza. Kanisa la Uingereza bado lipo. Kwa hiyo Kanisa la Uganda halikutoka huko. Hakuna atakayekubali. Muundo wa hoja ni uleule, na umeanguka.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu hoja hii ina kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: inapinga jambo ambalo halikudaiwa. Wanabiolojia hawasemi tulitokana na sokwe wa Kibale au Budongo. Wanasema sisi na hao tuna babu mmoja aliyeishi takriban miaka milioni sita hadi saba iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo. Hili ndilo kosa la kumpiga mwanasesere: unatengeneza mfano dhaifu wa mpinzani, unauangusha, unapigiwa makofi, na mpinzani mwenyewe hajaguswa. Tahadhari kwa upande wa mageuko: wanaoeneza mwanasesere huyu mara nyingi ni watetezi wenu wenyewe, wanaochora ile safu ya viumbe wanaonyooka mgongo mmoja baada ya mwingine hadi mtu. Mchoro ule unafundisha ngazi, ilhali mageuko yanafanana zaidi na matawi.

Hatua ya 3: Zitambue hoja potofu zinazojirudia

Hatutaorodhesha zote. Hizi ndizo zinazokula muda mwingi.

*Kubadilisha maana ya neno katikati ya safari.* "Ni nadharia tu." Mtaani nadharia ni kitu cha kukisia, tofauti na vitendo. Katika sayansi ni maelezo mapana yaliyojaribiwa mara nyingi. Kwamba vijidudu husababisha magonjwa nayo ni nadharia, na hakuna anayekataa kunawa mikono kwa sababu hiyo. Upande wa pili hufanya ujanja huohuo kwa neno "imani", wakilitumia kumaanisha kukubali jambo bila ushahidi wowote, kisha kumhukumu muumini ambaye kwake neno hilo lina maana ya kumtegemea anayemjua. Dawa ni moja: mwenyekiti amsimamishe msemaji na kumtaka afafanue neno kwa sentensi moja, kisha alitumie hivyohivyo hadi atakapokaa.

*Mungu wa mapengo, na sayansi ya ahadi.* "Sayansi haijaeleza hiki, kwa hiyo ni Mungu." Kasoro yake iko wazi: kutojua hakuthibitishi kitu. Wanateolojia wengi wenyewe hawaipendi hoja hii, maana kila pengo likizibwa Mungu anaonekana kusukumwa nje. Ila angalia pacha wake: "Sayansi haijaeleza, lakini itaeleza tu." Hiyo nayo ni hundi isiyo na tarehe. Wote wawili waandikiwe alama ileile.

*Nukuu iliyokatwa.* Ujumbe wa WhatsApp unaosema Darwin mwenyewe alikiri kwamba jicho kutokea kwa uteuzi asilia ni upuuzi umezunguka miaka mingi. Ni kweli aliandika kwamba wazo hilo linaonekana la kipuuzi kabisa. Yuko katika sura ya sita ya kitabu kile, anakoshughulikia matatizo ya nadharia yake, na sentensi zinazofuata zinaeleza jinsi jicho lingeweza kujengeka hatua kwa hatua, kila hatua ikimfaa mwenye nalo. Weka sheria ya klabu: anayenukuu alete sentensi iliyotangulia, sentensi iliyofuata, na mwaka. Asipokuwa nazo, nukuu haihesabiwi. Sheria hiyohiyo iwahusu wanaochomoa aya moja ya Biblia au ya Kurani ili kuifanya ionekane ya kijinga.

*Kuhamisha magoli.* "Nionyesheni kisukuku cha katikati," yaani mabaki ya kale ya kiumbe kilicho kati ya makundi mawili. Anaonyeshwa *Tiktaalik*, samaki wa takriban miaka milioni 375 iliyopita mwenye shingo na mifupa ya mapezi inayofanana na ya mikono, aliyetangazwa mwaka 2006. Naye anajibu: "Sasa mapengo yamekuwa mawili." Ili kumzuia, muulize mapema, kabla ya kuonyesha chochote: ushahidi wa namna gani ungekutosha? Jibu liandikwe ubaoni. Upande wa pili nao uulizwe swali hilo, kwani mtetezi wa mageuko asiyeweza kutaja kitu ambacho kingemfanya abadili mawazo naye amehamisha magoli kimyakimya.

*Kupima ukweli kwa matokeo.* Watu waovu walitumia mageuko kuhalalisha ubaguzi. Watu waovu walitumia dini kuhalalisha utumwa. Zote mbili ni habari za kweli, na hakuna inayogusa namba yoyote kati ya tano.

*Kuchimba udanganyifu wa zamani.* Fuvu la Piltdown lililotangazwa Uingereza mwaka 1912 lilikuwa la kughushi. Ni kweli, na aibu ni ya wanasayansi. Lakini waliolifichua mwaka 1953 walikuwa wanasayansi pia, na kulitoa hakukubomoa jengo. Kuliondoa kulirahisisha mambo, maana lilikuwa halilingani na visukuku vilivyokuwa vikipatikana Afrika.

Kanuni ya fizikia kwamba vitu huelekea kuvurugika tuiseme kwa sentensi moja: inahusu mfumo usiopokea nishati kutoka nje, na mgomba wa matooke unapokea jua kila siku.

Hatua ya 4: Hoja ya bahati, na dadu sita

Hii tuiendee taratibu kwa sababu ndiyo inayowashinda walimu wengi. Inakuja hivi: upepo ukipita Katwe, Kampala, kwenye vyuma chakavu na mabati, hauwezi kuunda gari, basi bahati haiwezi kuunda jicho.

Mwite mwanafunzi mmoja mbele. Arushe dadu sita kwa pamoja hadi zote zionyeshe sita kwa mrusho mmoja. Uwezekano ni 1 kati ya 46,656, kwa hiyo atachoka kabla hajafika. Mwite wa pili. Yeye kila dadu inayotoa sita anaiacha mezani, anarusha zilizobaki tu. Kwa wastani atamaliza kwenye mrusho wa kumi na nne hivi. Akifikisha ishirini au thelathini asishangae. Tofauti iko kwenye kutunza kilichopatikana, wala dadu hazikupata akili. Hoja ya Katwe inasahau utunzaji huo: mageuko hayadai kwamba jicho lilijitokeza kwa mrusho mmoja.

Sasa inakuja sehemu ambayo watetezi wa mageuko huiruka. Zoezi la dadu lina mwanya: mrushaji anajua kwamba anatafuta sita. Asili haina lengo kama hilo. Mpinzani mwerevu atasimama na kusema, "Dadu zilitunzwa na mtu mwenye nia, basi mmenithibitishia mbuni." Jibu sahihi ni kukiri kwamba mfano unaonyesha jambo moja tu, nguvu ya kulimbikiza, na kwamba katika viumbe kinachotunza ni kuishi na kuzaa. Ukidai dadu zimethibitisha zaidi ya hapo, umefanya kosa unalomlaumu mwenzako.

Hatua ya 5: Ushahidi wa nyumbani, na mipaka yake

Klabu hupenda kuleta mifano ya Ulaya na Galápagos wakati Uganda imejaa mingine. Tatizo ni kwamba mfano mzuri hushawishi mtu kudai kupita kiasi, kwa hiyo kila mmoja uandikiwe namba ya dai unalolihusu.

Selimundu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016, uliopima watoto wachanga zaidi ya 97,000 wa Uganda, ulikuta asilimia 13.3 wana jeni moja na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Viwango vinapanda katika maeneo ya malaria nyingi na kushuka kusini magharibi, kwenye milima yenye baridi. Huu ni ushahidi mzito wa namba 1 na 3 ndani ya jamii ya watu. Hausemi lolote kuhusu namba 2, achilia mbali 5. Na kwa kuwa darasani anaweza kukaa mtoto mwenye ugonjwa huo au ndugu yake, usitafute vichekesho humo.

Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka. Ukuta wa mchanga ulilitenga na Ziwa Victoria miaka elfu kadhaa tu iliyopita, na wataalamu wameorodhesha humo aina tano za nkejje (samaki wadogo) ambazo hawazipati katika ziwa kubwa. Msemaji wa kupinga atajibu, "Lakini bado ni samaki." Mwenyekiti atazame mada. Kama mada ni namba 1, jibu hilo halihusiki. Kama mada ni namba 2, ana haki kabisa, na upande wa kuunga mkono lazima ulete kitu kingine: kwa mfano, binadamu ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 46 huku sokwe na gorila wakiwa na 48, na kromosomu ya pili ya binadamu ina masalia ya ncha katikati yake, alama ya kromosomu mbili zilizoungana.

Visukuku vya Moroto na Napak, Karamoja, vya takriban miaka milioni 20, ni vya jamaa wa kale wa kundi la sokwe, gorila na binadamu. Magazeti hupenda kuandika "babu wa binadamu". Hakuna awezaye kusema kiumbe fulani kati ya hao ndiye babu yetu wa moja kwa moja, na msemaji akisema hivyo apunguziwe alama hata kama mada yenyewe ni ya kweli.

Hatua ya 6: Rudia hoja ya mwenzako kabla ya kuijibu

Kila msemaji, katika sekunde 45 za kwanza, aeleze hoja ya aliyemtangulia hadi mwenye hoja atikise kichwa kukubali. Mwenye hoja akikataa, msemaji anarudia mara moja. Akishindwa tena, anaendelea na hotuba lakini alama zake za kipengele hicho zinaanguka. Mwanzoni wanafunzi wataona ni adhabu. Watu wa upande wa pili wanaweza pia kukataa makusudi ili kumlia muda mwenzao. Mtunza saa asimamishe saa wakati wa kurudia, na mchezo huo utakufa.

Gawa alama 20 hivi: 8 kwa hoja kufika kwenye hitimisho lake, 6 kwa kueleza hoja ya mpinzani kwa haki, 4 kwa ushahidi wenye mwaka na mahali, 2 kwa sauti na mpangilio. Ukiweka sauti kuwa 8, utawazawadia watakaohubiri, na watahubiri.

Yatakayoharibika

Wanafunzi wakishajifunza majina ya hoja potofu watayarusha kama mawe: "Mwanasesere! Magoli!" Amri iwe kwamba anayetaja jina aonyeshe pia dhana iliyofichwa kwenye karatasi. Na wakumbushwe kwamba hoja mbovu haifanyi hitimisho kuwa la uongo. Mtu anaweza kumtetea Mungu kwa hoja mbaya na Mungu akawepo. Anaweza kutetea mageuko kwa hoja mbaya na mageuko yakawa kweli.

Mtu akilia au akianza kukemea pepo, usimjibu kwa mantiki. Simamisha saa, mpe maji, endelea na msemaji mwingine.

Swali la "Mwalimu, wewe unaamini nini?" litakuja. Jibu baada ya alama kutangazwa, si kabla, na utaje ni dai namba ngapi unalolizungumzia. Mzazi au mchungaji akipiga simu kesho yake, mpelekee picha ya ubao yenye mada na madai matano. Kwa hiyo ipige picha hiyo kabla zamu ya usafi haijaingia kufuta.